Mwalimu Mkanda na Gari Jekundu la Uani

Wasikilizaji wapendwa, tueni mizigo kidogo, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke mwoga. Nasema mwoga, na familia yake imeniruhusu niseme, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulificha neno hilo. Siku ya kwanza alipompokea mwanafunzi, kabla hajamfundisha hata kuwasha gari, alimwambia: "Mimi ni mwoga. Ndiyo maana bado nina miguu miwili."

Alikuwa mwalimu wa udereva. Alifundisha watu kuendesha karibu maisha yake yote ya utu uzima. Wengi mnaonisikia sasa mkiwa barabarani mlipita mikononi mwake, na mimi pia nilipita. Tulimwita Mwalimu Mkanda, kwa sababu gari lake halikuondoka mpaka mkanda wa kila mtu umefungwa, hata kama safari yenyewe ni ya kutoka kivulini kwenda juani. Ametutoka juma lililopita kwa maradhi ya moyo, akiwa nyumbani kwake. Ameacha binti mmoja, mshonaji, na mdogo wake wa kiume, fundi umeme wa majumbani, ambaye wenzake wanamwita Upepo.

Dada na mdogo wake, wasikilizaji wapendwa, walikuwa kama chumvi na sukari. Ukiwatazama kwa mbali utasema ni kitu kimoja. Onja sasa. Dada alisimama kwenye makutano hata barabara ikiwa tupu. Mdogo mtu alipenda mwendo. Alinunua gari la michezo, jekundu, la viti viwili, fupi kama kiatu, lenye mngurumo uliowaamsha watoto wachanga. Dada yake alikataa katakata kupanda. Alisema gari ambalo unaingia kwa kuinama, mara nyingi unatolewa kwa kubebwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alasiri moja ya mvua Upepo alilipita lori, tairi zikateleza, gari likazunguka na kujibamiza kwenye kalavati, lile daraja dogo la kupitishia maji. Alikuwa peke yake. Mguu ulivunjika, mbavu zikapasuka, lakini roho ilibaki.

Mwalimu alipigiwa simu akiwa kazini, ameketi kando ya mwanafunzi. Alijaribu kuushika usukani akaona vidole havishiki. Mwanafunzi wake, mama mmoja muuza vitambaa ambaye hata kurudi nyuma hajajifunza, ndiye aliyemwendesha hadi hospitali. Njia nzima Mwalimu hakusema neno. Yule mama aliniambia: "Nilitamani anikosoe, hata kwa uongo. Ule ukimya ulinitisha kuliko barabara."

Upepo alipotoka hospitali alihamia kwa dada yake, maana mguu ulikuwa bado kwenye plasta. Siku chache baadaye Mwalimu alirudi kutoka kazini akakuta turubai uani, limefunika kitu kipana. Alilifunua pembe moja. Lilikuwa lile gari jekundu. Mdogo wake alikuwa amelileta kwa gari la kuvuta, bila kuomba ruhusa.

Paa lilikuwa limebonyea. Usukani umepinda. Kioo cha mbele hakipo, na vipande vyake vimejaa kitini kama chumvi ya mawe. Mkanda wa dereva ulikuwa unaning'inia, umekatwa na waokoaji. Binti yake alikuwa dirishani, na anakumbuka hivi: "Mama aliushika ule mkanda, akaupitisha mkononi kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaketi chini, kwenye matope, na nguo zake za kazi."

Upepo alitaka kulijenga upya. Dada alisema likauzwe chuma chakavu. Walivutana kwa maneno mpaka chakula kikapoa. Mwishowe Upepo akasema basi, atalipeleka kwa rafiki yake, atalitengenezea kando ya barabara. Hapo Mwalimu akatoa uamuzi ambao hakuna aliyeutegemea.

"Ukilitengenezea kwingine sitajua boliti ipi imelegea," alimwambia. "Litatengenezwa hapa, na mikono yangu imo."

Upepo alicheka. Dada mtu alikuwa anaita fundi hata kwa tairi lenye msumari.

Lakini alijifunza. Alijifunza kwa woga, wasikilizaji wapendwa, kama mtu anayejifunza kuoga mtoni penye mamba. Kila nati aliyoikaza aliirudia. Jirani yao, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyekuja kunyoosha chesisi, ule mhimili wa chini unaobeba gari. Alilifunga gari kwa minyororo akalivuta kidogo kidogo, na chuma kikalia kwa sauti ambayo Mwalimu aliisikia hata akiwa chooni ameziba masikio. Fundi aliwaeleza wazi kwamba gari lililopinda linaweza kuonekana zuri nje huku ndani likiwa bado kilema, na siku ya mwendo mkali ndipo litakapokuumbua. Basi Mwalimu akawa anamtaka apime tena. Na tena. Fundi yule bado anacheka akisimulia: "Dada yule angefika mlango wa peponi, angekagua bawaba kwanza."

Binti naye alishona upya viti. Upepo aliunganisha nyaya, kazi yake hiyo. Taratibu lile gari likaanza kuwa gari.

Ikaja siku ya jeki.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ardhi ya uani ilikuwa laini. Upepo alikuwa chali chini ya gari, anafunga bomba la moshi. Mwalimu alikuwa na tabia yake, na mdogo wake alikuwa akimtania kwa hiyo: kila gari likiinuliwa, alisukuma tairi kuukuu uvunguni, pembeni ya mtu. Siku hiyo pia alisukuma. Akageuka kuchukua spana. Nyuma yake akasikia kishindo kizito, kama mlango wa ghala.

Jeki lilikuwa limezama na kulala ubavu. Gari lote lilikuwa limeshuka juu ya lile tairi.

Aliita jina la mdogo wake. Kimya. Akaita tena, kimya. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua ladha ya woga, kwamba una ladha ya shaba mdomoni. Alipiga magoti, akaweka shavu kwenye matope, akachungulia.

Upepo alikuwa hai. Hakuguswa. Kati ya kifua chake na chuma palibaki nafasi ya kiganja tu. Lakini macho yalikuwa yametoka, anapumua mbio mbio kama mbwa juani, na hawezi kusema. Fundi wa kuchomelea alikuja mbio, wakaliinua, wakamvuta nje kwa miguu.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo Mwalimu alipomwona mdogo wake sawasawa. Aliketi naye ukutani, na mambo mengi aliyoyaona bila kuyatazama yakaanza kujipanga kichwani mwake. Kwamba Upepo alilipaka gari rangi, alilipangusa, alilisifu mbele za rafiki zake. Lakini kwenye kiti cha dereva hakuwahi kukaa. Hata kujaribu taa alinyoosha mkono kupitia dirishani.

Akamuuliza kwa nini, kwa sauti ya chini.

Upepo alilitazama gari. "Dada, nikitaka kukaa pale nasikia vioo vikipasuka," alisema. "Hata nikiwa abiria kwenye gari lolote nasikia vioo. Nilidhani nikilijenga lote, vitanyamaza."

Kumbe yule mwenye kifua mbele alikuwa anaogopa kuliko mwoga mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa akienda kazini kwa miguu, na ule mguu mbovu, huku akiwaambia watu anafanya mazoezi.

Tangu siku ile Mwalimu hakusema tena habari ya chuma chakavu. Walimaliza gari. Lilipokuwa tayari, yeye ndiye aliyelitoa getini kwa mara ya kwanza. Upepo alisimama getini na binti. Walimwona akishuka mteremko wa mtaa wao, taratibu, na mkanda mpya kifuani. Kisha wakaona gari halipunguzi.

Pedali ya breki ilikuwa imezama mpaka sakafuni. Bomba moja la breki lilikuwa linasuguana na chuma, likatoboka. Chini ya mteremko kulikuwa na makutano, na magari yanapita. Binti alipiga kelele. Upepo hakuweza, alishika nguzo ya geti tu. Mwalimu alishusha gia, injini ikanguruma, akashusha tena, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliegemeza gari kwenye tuta la mchanga la mtu aliyekuwa anajenga. Likasimama.

Alipanda mteremko kwa miguu. Walipomfikia alikuwa mweupe midomo. Alisema neno moja tu, kwamba wanarudi kwenye breki. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Breki zote zilifunguliwa, zikafungwa upya, na safari hii fundi wa breki aliitwa kukagua.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kazi aliyoijua. Kila Jumapili alimpeleka mdogo wake kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, akamfundisha kuendesha, kana kwamba hajawahi kugusa usukani. Majuma ya mwanzo waliketi tu, injini imezimwa. Upepo akitokwa jasho, walishuka, wakarudi nyumbani. Kisha gia ya kwanza. Ikapita miezi, ikaja gia ya pili. Nje ya uwanja ule hakuendesha kamwe.

Mpaka adhuhuri ile. Mwalimu alikuwa anaanika nguo, akashika kifua, akaketi juu ya beseni. Upepo alimkuta ana jasho baridi, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa liko mbali. Gari la shule ya udereva lilikuwa gereji. Majirani wako kazini. Uani palikuwa na gari moja, jekundu.

Alimbeba, akamketisha, akamfunga mkanda. Akaketi upande wa pili, penye usukani. Gari lilizima. Akawasha, likazima tena, kwa sababu mguu ulikuwa unatetemeka kwenye klachi. Mwalimu, naye hana pumzi, akamgusa goti. "Mguu taratibu," akasema. "Hatuna haraka." Walikuwa na haraka kuliko watu wote mjini.

Na njia ya hospitali ni ile ile, ile ya kalavati. Upepo aliniambia kwamba alipokaribia pale vioo vilianza kupasuka masikioni, lori likatokea mbele, na mikono yake ikaanza kuvutwa kuelekea kwenye kalavati, kama kuna kamba. Alisikia sauti ndogo kando yake.

"Tazama unakokwenda. Usitazame unachokiogopa."

Akatazama mbele. Wakapita.

Binti alipofika hospitali alimkuta mjomba wake ameketi sakafuni kwenye ukumbi, ufunguo mkononi, na vidole havifunguki. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba wangechelewa kidogo tu wangemkosa. Ndani, mama yake alikuwa kitandani na mirija puani. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Mwambie mjomba wako hakuwasha indiketa."

Aliishi mwaka na ushee baada ya siku ile. Hakurudi kufundisha, ila wanafunzi wa zamani walimtembelea, akawauliza habari za mikanda. Juma lililopita alikula mchana, akajilaza, na moyo ukasimama usingizini. Upepo alikuwa chumba cha pili, anatengeneza pasi. Anasema nyumba ilinyamaza kwa namna aliyoielewa kabla hajainuka.

Nilimuuliza kama bado anaogopa. Akasema anaogopa kila asubuhi, tangu anapoufungua mlango wa lile gari jekundu mpaka anapofika kazini. Na sasa kiti cha pembeni ni kitupu, hakuna wa kumgusa goti.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu natoa pole kwa binti, mshonaji wetu. Pole kwako Upepo. Pole kwa fundi wa kuchomelea, kwa muuza vitambaa, na kwa wanafunzi wote wa Mwalimu Mkanda. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi, mkirudi nyumbani leo, mtazameni yule anayecheka kwa sauti kuliko wote, anayesema hana neno. Ketini naye. Muulizeni kwa sauti ya chini.

Na kama uko barabarani sasa hivi unanisikiliza, na mbele yako kuna gari dogo jekundu, la viti viwili, linakwenda mwendo wa konokono hata unajiuliza lina ugonjwa gani, tafadhali, usilipigie honi. Mwache apite kalavati kwanza.