Maharagwe Yaliyoelea Mbele ya Wakwe

Akina mama, mnisamehe nikiongea nikiangalia chini. Wengi wenu haya mliyaona kwa macho. Vile yalinikaa moyoni ndiyo hamjui.

Mnakumbuka vile nilikuwa najigamba. Mtu akinunua maharagwe hapo sokoni Cheptiret, mimi namuuliza, "Kwani shamba lako limelala?" Yangu yalijaa stoo, na sikuweka dawa ya unga ya kuua wadudu hata kidogo. Nilisema familia yangu haitakula sumu.

Basi wakwe wakaja kumposa msichana wangu. Mkaja kunipikia, na mimi kwa mdomo wangu huu nikatangaza mbele ya mama ya kijana, "Githeri ya leo, mahindi na maharagwe, yote ni ya shamba langu!" Tukafungua gunia. Ngai! Vumbi tupu, na fukusi wakatembea juu ya mikono ya aliyelishika. Mmoja wenu akasema tuoshe, pengine yako mazuri chini. Tukamwaga maji. Ndugu zangu, nawaambia, karibu yote yaliinuka yakaelea, kila moja na tundu lake.

Mama ya kijana alikuwa ameingia jikoni kusaidia. Alitia mkono kwa sufuria, akachota, akaangalia. Alirudisha, akaenda kwa mtungi, akanawa mpaka kwa kiwiko. Heri angenitukana.

Mlikimbia dukani, wageni wakala, mambo yakaongewa yakaisha. Mimi nilibaki palepale kwa hiyo sufuria. Niliacha kuja hapa kwa chama chetu. Mkibisha hodi, mzee wangu anawaambia nimeenda Eldoret, na niko nyuma ya pazia. Nikivuna, nauza yote haraka kwa bei ya kutupa, halafu nyumbani ni ugali na mboga ya sukuma. Mzee akaniuliza, "Mama, kwani maharagwe yalitukosea nini?" Nikaendelea kukata sukuma.

Hii ingine ni ngumu kusema. Msichana wangu alipojifungua, nilituma zawadi na mtu. Mjukuu wangu wa kwanza, jamani! Sikuweza kukaa jiko moja na yule mama. Nilisema nina homa.

Ndipo mmoja wenu akaja, amekaa hapo na simtaji, akaingia bila kubisha. Alikuwa na kopo la mbegu za maharagwe kutoka kwa watafiti. Akaniambia, "Hii ina protini yake ndani, imetoka kwa maharagwe ya porini. Fukusi mchanga akiingia hawezi kuisaga tumboni. Anakufa kabla hajatoboa atoke."

Nikamwambia, "Ikiua fukusi, itamwacha mzee wangu?"

Mnacheka. Ngojeni. Alipoondoka niliwatupia kuku konzi moja, mbichi, nione. Kesho yake kuku wameinamisha vichwa, wanaharisha. Haiya! Nikamtumia ujumbe: njoo uchukue sumu yako.

Alikuja. Hakuchukua kitu. Aliosha sufuria yangu, akaloweka hayo maharagwe, akamwaga maji, akabandika mengine, akachemsha mpaka yakalainika kabisa, akaanza kula. Mimi namwangalia tu. Akasema, "Wewe umeshawahi kula maharagwe mabichi? Hata yale ya mama yako yangewafanya kuku hivyo. Moto ndio unavunja hiyo protini. Fukusi hana jiko." Akanisukumia sahani.

Nilikula huku nalia, na si kwa sababu ya maharagwe. Nilikuwa nimemfungia mlango muda wote huo, na yeye anakula kwangu kama jana tu tulikuwa pamoja.

Yaliyobaki kwa kopo tukapanda. Nikavuna kidogo, nikapanda tena, mpaka nikajaza gunia. Nikayakausha vizuri na kufunga, bila dawa. Siwadanganyi, fukusi wachache niliwaona. Lakini miezi ilipita na gunia halikutoa vumbi. Kila nikilifungua, nafumba macho kwanza.

Mwezi uliopita msichana wangu alileta mtoto, na mama mkwe wake akaja naye. Nilitaka kujificha, kweli. Nikaona aibu ya kukimbia tena ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikamshika mkono, nikampeleka stoo, nikamwambia, "Mama, siku ile niliaibika mbele yako mpaka nikamnyima mjukuu bibi yake. Tafadhali, tia mkono."

Alitia mpaka kwa kiwiko. Akayageuza, akayasikiliza yakianguka. Akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanitorokea? Na mimi nilifikiri hunipendi." Siku ile, akaniambia, alinawa kwa sababu alikuwa anaenda kunisaidia kukanda unga.

Kukanda unga, jamani! Mimi namkimbia mtu aliyekuwa ananawa anisaidie.

Asanteni nyote, na wewe wa kopo zaidi. Mbegu iko hapo mezani, kila mtu achukue. Yachemsheni yaive kabisa. Na ukipatwa na aibu, usiipeleke nyuma ya pazia. Ilete hapa tuoshe pamoja. Mjukuu wangu alikuwa ameota meno na anatembea nilipomshika mara ya kwanza. Hiyo siwezi kuipanda tena.