Mama Prudencia na Kengele ya Banda la Kuzalia

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuhudumia ng'ombe wa maziwa hapa Buhongwa, Mama Prudencia Kokushubira anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Alikuja kutoka Muleba akiwa msaidizi wa mifugo, shamba likiwa bado la umma. Anaondoka akiwa mkuu wa banda la kuzalia, shamba likiwa mali ya Bwana Mihayo. Wenye shamba walibadilika, wenye mimba hawakuisha, naye alibaki nao. Jambo la ajabu ni kwamba maziwa yenyewe hanywi. Chai yake ni ya rangi.

Wageni katika kazi hii huuliza kwa nini ng'ombe alindwe anapozaa, na hali swala huzaa peke yake porini. Sababu ni kwamba chotara wetu hubeba ndama wakubwa. Ndama akikaa vibaya tumboni na mtu asiwepo, huweza kufa yeye na mama yake. Ndiyo maana tulikuwa na walinzi wanne wa banda, kazi yao kutazama ni ng'ombe yupi nyonga zake zimelegea na ni yupi ameanza kuhangaika.

Mwaka 1997 Bwana Mihayo alileta kifaa kigeni, kidogo kama kiberiti, cha kufungwa kwenye shina la mkia. Ng'ombe anayekaribia kuzaa huinua mkia na kuuacha juu. Kifaa huhisi hivyo, hutuma habari kwa mawimbi ya redio, na kengele hulia ofisini. Mama Prudencia alipewa msimu mmoja wa kukijaribu. Kila mtu alijua maana yake: kikifaulu, walinzi watapunguzwa. Siku hizo neno hilo la kupunguzwa kazi lilikuwa limezoeleka Mwanza kama salamu.

Alasiri moja kengele ililia, Bwana Mihayo mwenyewe akiwa ofisini. Tulikimbia wote bandani. Mtamba aliyefungiwa kifaa, aliyetarajia uzao wake wa kwanza, hakuonekana. Kifaa tulikikuta zizi la pili, kwenye mkia wa dume la mbegu, ambalo lilikuwa limeuinua likijisaidia bila haraka yoyote.

“Hongera, bosi,” mkamuaji mmoja alisema, “dume lako linaleta mapacha!”

Watu walicheka, isipokuwa Mama Prudencia. “Na mtamba yuko wapi?” aliuliza.

Mtamba alikuwa nyuma ya banda, amelala, miguu ya ndama imetoka lakini kichwa kimegeukia nyuma. Shimba, mlinzi wa zamu, alileta sabuni na kamba. Mama aliingiza mkono, akakinyoosha kichwa, na Shimba akavuta kila mtamba aliposukuma, mpaka ndama jike akatoka na kupiga chafya.

Bwana Mihayo alitaka jina la aliyehamisha kifaa.

“Banda ni langu, Baba. Andika Prudencia.”

Alipewa onyo, na angeweza kupoteza kazi. Hata hivyo hakuisema mashine vibaya ili kuwaokoa wenzake. Alieleza kuwa ni nzuri na kwamba ziongezwe nyingine. “Ila kengele huita tu, haina mikono. Ukiwaondoa hawa, itamwita nani?”

Bwana Mihayo aliutazama mkono wa Mama uliolowa hadi begani, akarudi ofisini. Walinzi wote wanne wapo mpaka leo. Shimba alikwenda kukiri mwenyewe wiki iliyofuata kwamba ndiye aliyekihamisha kifaa, kwa kuogopa kupunguzwa. Siku hizi yeye ndiye anayekifunga kifaa, na ole wake atakayekigusa bila ruhusa.

Kwa zawadi ya kuaga, wafanyakazi na mwenye shamba wamemtolea Mama mtamba mwenye mimba, atakayezaa Agosti huko Muleba. Kule hakuna kengele. Walinzi wamebishana juma zima nani aende kumlinda, na Shimba ameshinda kwa kuomba likizo yake yote kabla wengine hawajafikiri.

Mama Prudencia, asante kwa mikono yako. Pumzika kwa raha na afya njema, na Shimba, mgeni wako wa Agosti, umkaribishe kwa chai, hata ikiwa ya rangi.