Shingo Nzima ya Rafu ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutengeneza magonjwa kwa mikono yake, Fundi Plasta anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Anaacha rafu sita za vidonda, majipu, vidole vilivyopinda na pua zilizovimba, vyote vya nta na, kwa bahati nzuri, haviambukizi.

Aliajiriwa na chuo chetu cha udaktari kupaka rangi madirisha. Mwalimu wa magonjwa ya ngozi akamkuta siku moja anafinyanga sikio la msimamizi wake, limefanana hadi vinyweleo. Badala ya kufukuzwa akapewa chumba, ndoo ya plasta na orodha ya wagonjwa waliokubali kunakiliwa. Plasta ikishaganda mwilini na kubanduliwa, humo ndimo alimomimina nta. Sheria yake ilikuwa moja tu: hapunguzi, haongezi. Wanafunzi walioogopa kumgusa mgonjwa walianzia kwake, wakabonyeza nta hadi woga ukawaisha.

Yupo dereva wa teksi ambaye hatamsahau. Fundi alikuwa amepakata mguu wenye vidonda, akiupeleka kwenye maonyesho, mara shuka likateleza. Dereva aliegesha gari, akashuka, akaondoka kwa miguu na ufunguo akauacha. Mkewe Fundi naye alipiga marufuku kazi kuingia nyumbani tangu siku alipopekua mkoba akitafuta miwani, akatoka na pua.

Lakini kioja kikubwa kuliko vyote kinanihusu mimi ninayeandika haya. Tulihitaji shingo ya mtu mwenye afya, ya kulinganishia. Fundi akajipaka plasta mwenyewe, akamimina nta, akaipandisha shingo hiyo rafu ya tatu na kibandiko: "Shingo nzima." Kwenye mtihani, muuguzi mmoja wa makamo aliyerudi kusoma akaandika kwamba ina uvimbe upande wa kushoto. Nikampa sifuri. Akaja ofisini, akaketi, akagoma kuondoka.

Nikamwita Fundi aje atumalizie ubishi. Alifika amenuna, maana ukitaka kumchokoza sema kazi yake ina kasoro. Akaapa kwamba tangu azaliwe hajaongeza hata chunusi. Muuguzi akamwangalia, akasema taratibu, "Basi, baba, kama huongezi, naomba niishike hiyo uliyonayo mwenyewe."

Uvimbe ulikuwepo, upande uleule. Niliogopa, sikatai. Wiki tatu baadaye alipasuliwa, na daktari akatuambia kwamba angechelewa mwaka mmoja tu, leo tungekuwa tunaandika maneno mengine. Muuguzi alipewa alama zake zote. Mimi nilipata adabu.

Fundi alirudi kazini na kovu, na jambo la kwanza aliloomba ni plasta. Shingo ya pili ikakaa kando ya ya kwanza, pamoja na kovu lake. Kibandiko cha zamani hakukitupa. Alikibandua, akakibandika kwenye hii ya pili.

Fundi, asante kwa kila kidonda. Tunakuombea ustaafu wa raha, na shemeji yetu mikoba isiyo na pua. Shingo mbili tunabaki nazo hapa, ziendelee kufundisha. Ya tatu nenda nayo nyumbani, ukaizeeshe polepole.