Mchuzi Uliosikilizwa: Kumbukumbu ya Ersilia Mastrangelo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti vyenu karibu. Leo ni Jumapili, saa tatu asubuhi. Katika nyumba nyingi za Filadelfia ya Kusini, sufuria ziko motoni tangu alfajiri. Katika nyumba moja, yenye ngazi tatu za marumaru nyeupe, sufuria iko motoni vilevile, lakini mwenyewe hayupo.

Ersilia Mastrangelo alifariki dunia Jumanne. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Tulimzika Ijumaa. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na wifi mmoja. Narudia: na wifi mmoja. Habari ya leo haifiki popote pasipo wifi huyo.

Wifi huyo ni Pierina, dada wa Donato, aliyekuwa mume wa Ersilia. Anaishi ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Alishona makoti kiwandani kwa miaka thelathini na minane, na cherehani zile zilimwachia masikio mazito. Ukitaka akusikie, sharti upaze sauti. Hakuolewa. Ukimwuliza sababu, hujibu bila kukawia: "Walinitaka wawili. Mmoja alikuwa mlevi. Wa pili alikuwa akiusifu mchuzi wa Ersilia."

Pierina ndiye aliyetupa ruhusa ya kusimulia haya. Watoto wote wanne walielezwa kwanza, mezani, baada ya mazishi. Basi hatumvunjii mtu siri.

Ersilia alikuja nchi hii kutoka milima ya Abruzzo, Italia, akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na miwili. Alikuja na nguo mbili na neno moja la mama yake. Neno lenyewe ni hili: mchuzi hauchemki, mchuzi unasali. Yaani usitokote kwa fujo. Uwe kama bibi mzee mwenye rozari mkononi: midomo inacheza, sauti haitoki.

Kila Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, Ersilia alishuka kwenye jiko lake lililo chini ya ardhi. Jiko la juu lilikuwa la kutazamwa na wageni. Jiko la chini lilikuwa la kupikia. Alikaanga mbavu za nguruwe. Alikaanga soseji. Alikaanga vipande vipana vya nyama ya ng'ombe, alivyovikunja kwa jibini na vitunguu saumu na kuvifunga kwa uzi. Katika mafuta yaleyale alitia vitunguu, kisha nyanya nzito ya kopo, akaikoroga hadi ikawa na rangi ya tofali. Ndipo alipozimimina nyanya alizozivunja kwa mkono, akazirudisha nyama zote sufuriani, akapunguza moto, akaungoja kwa saa sita. Anayesema kwamba mchuzi huu hupikwa kwa saa moja, na azungumze na dhamiri yake.

Madonge ya nyama ya kusaga aliyakaanga mwisho, na hapo ndipo wizi ulipoanza. Loreta, bintiye wa pekee, anakumbuka: "Mama alikuwa akiyahesabu! Alisema atakayedokoa donge kabla ya Misa akalitaje kwenye maungamo. Kaka yangu Nunzio alikuwa akiungama kila wiki."

Saa nane mchana watu kumi na tisa waliketi. Tambi kwanza, nyama baadaye, saladi mwisho. Nunzio alikuwa amehamia ng'ambo ya mto, Jersey. Wadogo zake walikuwa wametawanyika huku na huko. Hawakukubaliana kuhusu siasa, wala malezi, wala nani alivunja gari la nani. Walikubaliana juu ya kitu kimoja tu: Jumapili, saa nane, kwa Mama.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nawaombeni utulivu.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Januari, Ersilia alikuwa akiziosha ngazi zake za marumaru, kama alivyofanya kila Jumamosi. Maji yakaganda. Akateleza, akaanguka, akajigonga kisogo. Mifupa haikuvunjika. Siku ya tatu alimenya kitunguu saumu, akakileta puani. Hapakuwa na kitu. Alikwenda kwa daktari peke yake, na daktari akamwambia ukweli: uwezo wa kunusa umekatika, wala hautarudi. Chumvi ataionja. Uchungu atauonja. Harufu, basi.

Juma lilelile Nunzio alimjia akiwa na huruma nyingi na akili chache. Alikuwa hajui lolote ila habari ya kuanguka. Akasema, "Mama, umechoka sasa. Ukiugua tena kidogo tu, meza hii tunaifunga. Kila mtu atakula kwake, na wewe tutakutembelea kwa zamu."

 Ersilia alizijua zamu. Alizijua familia za mtaa huu zilizoanza na zamu zikaishia kukutana makaburini. Akaapa moyoni kwamba hatamwambia mtu. Kama pua imekufa, masikio yangali hai.

Tangu siku hiyo Ersilia alipika kwa kusikiliza. Alikaa juu ya kigoda kando ya sufuria, kichwa kimeinama. Puk. Kimya. Puk. Kimya. Huo ndio mchuzi unaosali. Puk-puk-puk ni moto mwingi. Na sauti ikiwa nzito, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi, mchuzi umeanza kushika chini. Lakini ili asikie, alihitaji kimya. Akaanza kufukuza watu jikoni. Akazima redio, naam, hata sisi tulizimwa. Watoto wakadhani ni ukali wa uzee.

"Mama, hata kupumua sasa ni kosa?" Loreta alimwuliza.

"Pumua, mwanangu. Kapumulie juu."

Ikaenda hivyo miezi minne. Ikafika Jumapili ya maandamano ya mtakatifu, mwezi wa Mei.

Mnayajua maandamano yetu. Sanamu begani, akina mama na mishumaa, na nyuma yao bendi ya matarumbeta yenye ngoma ile kubwa. Dirisha la jiko la Ersilia liko sawa na ardhi ya nje. Kutoka kigodani pake aliona viatu tu vikipita, viatu na viatu. Kisha bendi ikafika, ikasimama hapohapo, kwa kuwa mtaa mzima ulitaka wimbo uleule urudiwe. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Vikombe vilitetemeka kabatini. Ersilia aliona midomo ya mchuzi ikicheza juu, lakini sauti ya chini hakuisikia. Akaogopa. Na katika kuogopa akafanya jambo ambalo hata msichana wa miaka kumi katika mtaa huu hawezi kulifanya: akachukua mwiko, akaukwangua mchuzi kutoka chini kabisa.

Mchuzi ukishika chini, hukwangui. Unaumimina polepole katika sufuria nyingine, na ulioungua unauacha kwa Mungu. Kila mpishi anajua hivyo. Lakini kila mpishi huonywa na pua, na Ersilia hakuwa na wa kumwonya. Aliukwangua ukoko wote, akaukoroga katika nyama ya watu kumi na tisa.

Kule nje, jozi moja ya viatu vyeusi vyenye bizimu ikasimama dirishani. Maandamano yakaendelea. Viatu havikuendelea. Dakika moja baadaye Pierina alikuwa chini, mshumaa mkononi bado unawaka.

"We Ersilia! Unachoma nyumba? Harufu imenipata nikiwa nyuma ya mtakatifu!"

"Harufu gani?" akauliza Ersilia.

Pierina hakusikia vizuri. "Nini?"

"Nimesema, harufu gani?"

Safari hii Pierina alisikia. Akamtazama wifi yake. Akautazama mwiko, mweusi hadi mpinini. Akakisogeza kipande cha kitunguu kilichoungua hadi chini ya pua ya Ersilia, na Ersilia hakukunja uso. Hapo akaelewa.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Nunzio anajua?"

"Akijua, meza imekwisha."

Wasikilizaji wapendwa, hawa wawili walikuwa wameshindana kwa miaka arobaini. Pierina alitia karoti katika mchuzi wake, na Ersilia aliiita dawa ya sungura. Ersilia alitia mbavu za nguruwe, na Pierina aliziita chakula cha mabaharia. Siku ile Pierina angeweza kupanda ngazi, akatamka sentensi moja, na ushindi ungekuwa wake milele. Ilikuwa saa tano. Watu walikuwa wakija saa nane. Mchuzi wa saa sita haupikwi kwa saa tatu.

Pierina alizima mshumaa, akauweka mezani. "Lete sufuria tupu," akasema.

Kila Jumapili Pierina alipika sufuria kubwa ya mchuzi kwa ajili ya mapadre wa parokia na wageni wao, nayo ilikuwa imekwisha kuiva. Akavuka barabara. Akarudi ameikumbatia chini ya koti lake la baridi, mwezi wa Mei, jasho likimtoka.

Mtu mmoja wa bendi aliyebaki nyuma akampazia sauti, "Pierina, unahama?"

"Mfuate mtakatifu, usinifuate mimi!"

Wakaimimina. Mchuzi ulioungua wakauficha chini ya ngazi, umefunikwa kwa shuka kama maiti. Ersilia alilia kwa ajili ya zile mbavu.

"Na mapadre je, watakula nini?" akauliza.

"Wana mayai," akajibu Pierina. "Na wana imani."

Saa nane watu kumi na tisa waliketi. Pierina alikuwa miongoni mwao, kwenye kiti chake cha pembeni. Nunzio alionja. Akaonja tena. Akaweka uma chini.

"Mama, usinichukie. Leo mchuzi umekwenda wapi? Mtamu mtamu, hauna nguvu. Kama ule wa Shangazi Pierina!"

Meza nzima ikacheka. Ersilia akawa mwekundu, akafungua mdomo kusema. Chini ya meza, kiatu chenye bizimu kikamkanyaga. Na Pierina, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu alipobatizwa, akamtazama mpwa wake na kusema maneno haya: "Kweli. Leo mama yako ameharibu. Hata mimi ningefanya vizuri zaidi. Kula."

Nunzio akala. Meza haikufungwa.

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, Pierina alibisha mlango wa chini. "Nimekuja kuangalia unavyoharibu nyama," alisema. Alikuja kwa miaka tisa. Narudia: kwa miaka tisa. Mmoja alikuwa na pua, mwingine alikuwa na masikio. Pierina alitangaza: "Kitunguu kimekuwa dhahabu. Ongeza mrehani. Soseji ya leo ni ya juzi, huyo mchinjaji ni mwongo." Ersilia alisikiliza na kupunguza moto. Juu, watoto walisikia wifi wawili wakifokeana na kusema, "Wameanza tena, Mungu awasaidie."

Donato alikuwa amekwisha kufariki wakati huo. Pierina anasema kwamba kila Jumapili, kabla ya kufunika sufuria, Ersilia alimwuliza swali lilelile: "Leo unanukiaje?" Naye Pierina, mwanamke wa sindano na uzi, si wa maneno mazuri, alijibu alivyoweza. Alisema unanukia jibini. Alisema unanukia vizuri, unataka nini zaidi? Ila siku moja ya baridi alifikiri kwanza, akasema, "Unanukia kama Donato anashuka ngazi."

Ersilia aligeuka, akaitazama ngazi.  Kisha akasema, "Basi, tumeiva."

Jumapili iliyopita walipika pamoja. Jumanne moyo wa Ersilia ulisimama. Ijumaa, baada ya mazishi, Pierina alipiga kijiko mezani na kuwaeleza watoto kila kitu: anguko, pua, maandamano, sufuria chini ya koti. Nunzio aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyesema meza ifungwe," alisema. "Mimi ndiye niliyesema hauna nguvu."

"Na hukukosea," Pierina alimjibu. "Ulikuwa wangu. Lakini nisikilizeni. Pua ninayo bado. Masikio sina. Peke yangu nitauunguza."

Wasikilizaji wapendwa, leo alfajiri, saa kumi na moja, gari lenye namba za Jersey liliegeshwa mbele ya zile ngazi tatu nyeupe. Loreta ametupigia simu kutoka jiko la juu, akinong'ona. Anasema Nunzio yuko chini, amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama. Shangazi yake amesimama nyuma yake, anamtukana. Na jambo la kwanza alilolifanya Nunzio aliposhuka lilikuwa kuzima redio.

Kwa hiyo tunatoa rambirambi zetu kwa Loreta na ndugu zake, kwa wajukuu wote kumi na mmoja, na kwa Pierina, ambaye tunampazia sauti: pole sana, Mama. Lakini huko chini redio imezimwa; yeye na Nunzio hawatusikii. Majirani, wafikishieni pole zetu, lakini baada ya saa nane.

Nanyi mliobaki, jiulizeni ni nani nyumbani mwenu anayefokea watu wanyamaze, na je, mmewahi kumwuliza anasikiliza nini? Msinijibu mimi. Zimeni redio zenu sasa, mshuke jikoni, mkae karibu na sufuria.

Puk. Kimya. Puk.