Mzee Matayo, Nyimbo Kumi na Madebe Saba ya Unga

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa kumi kamili jioni, Mzee Matayo Hiza atafunga mlango wa maktaba ya muziki ya Redio Lwengera hapa Korogwe, atautikisa mara tatu kuhakikisha umefunga, kisha atakabidhi ufunguo. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri na ishirini na miwili ya kazi. Kutikisa mlango hakumo katika orodha ya majukumu yake, lakini tumeshauzoea mlio ule, na hatujui nani ataurithi.

Mzee Matayo alizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge, ambako baba yake alikuwa mkataji. Alisoma, akawa karani wa mizani palepale shambani. Mwaka 2003, redio yetu ilipoanza ikiwa na vyumba viwili na kanda sitini, alikuja na baiskeli kuomba kazi. Alipoulizwa anajua nini kuhusu muziki, alijibu kwamba anaimba besi katika kwaya ya kanisani, na kwamba hajawahi kupoteza kitu cha mtu. Aliajiriwa kwa sababu ya jibu la pili.

Tangu hapo kila wimbo ulioingia redioni una kadi yake, imeandikwa kwa mkono: jina, mwimbaji, mmiliki, hali, na mstari wa mwisho, "Umesafishwa?" Enzi za kanda alisafisha vumbi na ukungu kwa pamba. Zilipokuja kompyuta alijifunza programu ya kuondoa kelele, akaipenda kama mtu anavyopenda ufagio mpya. Tuna kadi zaidi ya elfu nane, na mstari wa mwisho wa kila moja umeandikwa "Ndiyo."

Kanuni yake nyingine ilikuwa wimbo mmoja, nakala moja. Hii ilianza mwaka 2009, tulipokuwa na nakala mbili za tangazo la harusi na mtangazaji akacheza ile yenye tarehe ya zamani. Watu arobaini walifika Mombo wiki moja kabla ya harusi, wamevaa, wamebeba mabeseni na vitenge, wakamkuta bwana harusi juu ya paa anapigilia bati. Tangu siku hiyo Mzee Matayo akishatengeneza nakala safi, chafu anaifuta papo hapo.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemlalamikia isipokuwa mimi, nami nililalamika kimoyomoyo. Nakaa mapokezi na zamu yangu huanza alfajiri. Nilikuwa na blanketi la maua mekundu kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, nalo mwaka 2022 likapotea kitini. Waliokuwa wanafika mapema kama mimi ni wawili tu: mlinzi, ambaye ana koti lake kubwa, na Mzee Matayo, ambaye siku hizohizo alianza kuifunika spika ya maktaba kwa kitambaa na hataki mtu akifunue. Sikumwuliza. Chai ya saa nne huwa naimimina mimi, basi nikamwondolea sukari. Alikunywa hivyohivyo miaka mitatu, akirudisha kikombe na kusema asante.

Sasa nieleze kazi yake ya mwisho, ambayo wengi mmeisikia nusunusu.

Kwa msomaji asiyejua, kinu ni muziki wa vijana wa Korogwe na Handeni unaorekodiwa ndani ya chumba cha mashine ya kusaga, mashine ikiunguruma. Mashine ndiyo ngoma. Mwimbaji hujifunika kitu kizito, yeye na simu yake, ili sauti isimezwe, anaimba kwa kasi ya mashine, na mahindi yakiisha wimbo umeisha. Kinu hakichezwi redioni. Kinatembea kwa memori kadi, kutoka foleni ya kusaga hadi kijiwe cha bodaboda. Januari mwaka huu meneja wetu, Bi. Amne, aliamua tutoe albamu ya nyimbo kumi, iitwe *Kinu kwa Wanaoanza*, kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuusikia. Alitafuta mtu mvumilivu, asiye na upande, anayetunza mali za watu. Mzee Matayo alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza: "Hawa wanaimba au wanakimbizwa?"

Lakini kazi aliipokea. Aliweka kopo la maziwa mapokezi, na zikaingia memori kadi themanini na tatu. Alizipa namba ili asisikilize kwa majina. Kulikuwa na wimbo wa kumsifu kuku. Kulikuwa na mwingine wa dakika kumi na moja unaotaja vituo vyote kutoka Segera hadi Mkata, pamoja na bei ya machungwa katika kila kituo. Vijana wa Mnyuzi walituma ujumbe kwamba kinu halisi ni cha mashine ya dizeli. Wa Kabuku, wanaosaga kwa umeme, wakajibu kwamba dizeli ni ya wazee. Mzee Matayo alijibu pande zote mbili kwa barua rasmi, yenye mhuri.

Kwa kuwa albamu ilikuwa ya wanaoanza, alihitaji mtu anayeanza. Akamchukua Mama Justa, mpishi wetu wa kantini, ambaye anasikiliza mahubiri tu. Kila mchana alimchezea nyimbo tano huku anachambua maharage. Mama Justa akiendelea kuchambua, wimbo haujafika. Akisimamisha mkono, umepita. Wimbo wa kuku ulimfanya amwage sinia zima, ukawekwa wa kwanza.

Ndani ya kopo lile nami nilitumbukiza memori kadi moja. Ilikuwa ya Clinton, mwanangu wa kwanza, aliyefariki Machi mwaka jana kwa ugonjwa wa siku tisa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliacha wimbo mmoja uliokamilika, "Foleni ya Sembe," aliourekodi Mnyuzi na rafiki yake Julius. Simu yake ilikuwa imekufa kabla yake, kwa hiyo haukuwapo mahali pengine popote duniani. Sikumwambia mtu. Nilitaka achaguliwe kwa haki, asikiwe na watu wasiomjua. Ukawa namba sitini na moja. Mama Justa alisimamisha mkono.

Mzee Matayo alipofungua daftari na kuona namba hiyo ni ya nani, alikuja hadi mapokezi akasimama wima kama anatoa taarifa. "Mama Clinton," alisema, "kijana amepita." Niseme hapa kwamba baada ya msiba watu wengi walirudi kuniita Dada Rhoda, kwa wema tu, wakidhani jina lile litaniuma. Yeye hakubadilisha hata siku moja.

Wiki mbili baadaye waimbaji walialikwa kantini kusikiliza nyimbo zao kumi. Mzee Matayo alivaa tai. Akabonyeza, na katika spika ikatoka sauti ya Yusra wa Kabuku, yule wa kuku, peke yake, akipayuka kwa kasi ya ajabu mahali palipo kimya kama chumba cha mtihani. Hakukuwa na ngurumo wala mtikisiko. Alikuwa binti mmoja tu, anamfokea kuku.

Yusra aliinua mkono kama mwanafunzi. "Shikamoo mzee. Samahani, mashine iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ile kelele? Nimeiondoa."

"Yote?"

"Nyimbo zote kumi," alisema Mzee Matayo, na sijawahi kumwona na furaha namna ile. "Imenichukua wiki mbili. Halijabaki hata tone."

"Mzee, umetoa kinu, umeacha makelele!" alipayuka kijana mmoja nyuma, na kantini nzima ikaangua kicheko. Bi. Amne naye alicheka, hadi alipouliza nakala za mwanzo ziko wapi. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Wimbo mmoja, nakala moja. Alikuwa amezifuta hadi kwenye memori kadi zenyewe na kuwawekea wenyewe zilizo safi, kama zawadi.

Wale tisa walisema si neno, wataimba tena. Mzee Matayo hakuwasikia. Alikuwa amegeuka ananitazama mimi. Kisha akaenda maktaba, akajifungia, na tukausikia mlango ukitikiswa mara tatu kutokea ndani.

Nyumbani niliweka ile memori kadi kwenye simu yangu nikavaa visikilizio vya Clinton. Sitasema nilikuwa sina hasira. Ulikuwa wimbo wenye vumbi na mtikisiko, ambao nilikuwa nausikiliza nikipika, na sasa ilibaki sauti yake tu, kavu, karibu sana. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kati ya wa pili na wa tatu kuna sekunde saba ambazo siku zote zilikuwa mashine tupu. Safari hii hazikuwa tupu. Nikamsikia mwanangu anasema, si kwa sauti ya kuimba, kwa ile ya nyumbani: "We Julius, shika vizuri hilo blanketi. La mama hilo. Likiungua ataniua." Kisha akacheka, akakohoa unga, akaingia ubeti wa tatu.

Nilirudisha nyuma mara nyingi. Hiyo sauti ya kucheka nilikuwa nimeanza kuisahau.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, nilimtilia Mzee Matayo vijiko vinne vya sukari. Alionja, akaweka kikombe chini, akaniambia kwa upole kwamba anastahili kukasirikiwa lakini si kwa njia hiyo. Nikampa visikilizio. Alisikiliza zile sekunde saba, akasikiliza tena, halafu akakitazama kikombe.

"Mama Clinton," alisema, "kumbe ndiyo maana nimekunywa chai kama dawa miaka mitatu?"

Kile kitambaa, kumbe, kilikuwa kinafunika tundu ambalo panya alilitoboa kwenye spika. Aliona aibu kwamba kitu kimeharibika mikononi mwake. Namwomba radhi hapa mbele ya wafanyakazi wote, na sukari anayonidai nitailipa.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo hakutumwa. Alichukua likizo yake ya mwisho, akafunga kinasa sauti nyuma ya baiskeli, akaenda kuzitafuta mashine zilezile ili azirudishe chini ya sauti za wale tisa. Mahindi hayakuwa katika mpango. Alipofika Mpale na kuomba mashine iwashwe arekodi tu, mwenye mashine alimjibu, "Mzee, hapa hatusagi hewa." Basi kila mahali ikabidi anunue mahindi, asage. Mnyuzi, bodaboda zilipita katikati ya kurekodi mara mbili, naye mahindi yamekwisha, kwa hiyo akasaga unga uleule mara tatu, hadi akina mama kwenye foleni wakadhani ni wa uji wa mtoto, wakampongeza kwa kupata mjukuu. Kabuku, Yusra alisimama mlangoni na kumkatalia mashine tatu hadi ikapatikana yenyewe. Alirudi na sauti tisa safi za kelele chafu, na madebe saba ya unga. Kantini yetu imekula ugali tangu Pasaka, na Mama Justa ameomba radhi kwa niaba ya mchele.

Ukabaki wimbo wa kumi. Mzee Matayo alisema yuko tayari kurudi Mnyuzi kuurudishia mashine yake. Nikamwomba auache ulivyo, na zile sekunde saba zibaki. Vijana walibishana mchana mzima. Mmoja akasema kinu bila mashine ni ngonjera, na wageni watatucheka. Mimi nilinyamaza, maana wimbo ni wangu lakini kinu ni chao. Aliyemaliza ubishi ni Yusra. "Uwekeni mwisho," alisema. "Mtu akishasikia nyimbo tisa, mashine itakuwa bado inamzunguka kichwani. Clinton hatakuwa peke yake."

Tuliujaribu kwa Mama Justa. Wimbo wa kumi ulipoanza alikuwa anatikisa kichwa kwa kasi ya mashine isiyokuwapo. Zilipofika zile sekunde saba, alisimamisha mkono.

Hivyo ndivyo albamu ilivyo, na itatoka wiki hii ya kustaafu kwake. Ukiniuliza amefanikisha nini, nitasema kadi elfu nane, harusi moja iliyowahi, na nyimbo kumi. Lakini kuna kitu kingine alichorudi nacho kutoka Mnyuzi, ambacho hakukitaja kwenye ripoti ya safari. Nilikikuta asubuhi kitini pangu, kimekunjwa vizuri. Kumbe miaka yote kilikuwa kinafunika injini ya mashine. Juu yake palikuwa na kadi ya maktaba, kwa mwandiko wake:

*Jina: blanketi, maua mekundu. Mmiliki: Mama Clinton. Hali: limeungua pembe moja, lina unga. Limesafishwa? Hapana.*

Ni kadi pekee ya namna hiyo katika miaka ishirini na miwili.

Mzee Matayo, tunakushukuru wote, kuanzia Bi. Amne hadi panya wa maktaba. Nenda ukaimbe besi yako. Uamke saa unayotaka, chai yako iwe tamu, maisha yako yawe mema, na mlango wa nyumba yako ufunge kwa mara moja.

Rhoda, Mama Clinton
Mapokezi