Maadamu Nestory Yupo Kule

FRANSISKA: Haloo? Nani mwenzangu?

NESTORY: Mama, ni mimi. Nestory. Shikamoo.

FRANSISKA: Nestory wangu?

NESTORY: Wako, mama. Shikamoo.

FRANSISKA: Marahaba, baba. Marahaba. Ngoja nikae chini. Mbona namba ngeni, hupigi kwenye ile simu ya dada yako Asnath?

NESTORY: Bando limeisha, nimeazima ya mtu. Asnath kaniandikia kwamba huli—

FRANSISKA: Nile nini, na mwanangu yuko Uarabuni chini ya makombora? Kila saa mbili usiku niko dukani kwa Wiliam, kwenye televisheni yake. Jana wameonyesha ghala linaungua. Nikamwambia, Wiliam, rudisha nyuma nitazame vizuri, Nestory anafanya kazi ghalani. Eti taarifa ya habari hairudi nyuma.

NESTORY: Lile siyo letu, mama.

FRANSISKA: Uliliona?

NESTORY: Nili... nilisikia. Ni mbali. Mbali sana na mimi.

FRANSISKA: Unanituliza tu. Nilianguka palepale dukani, presha. Ulezi wangu wa kule Pito ungeozea shambani. Wanajumuiya wa kanisani wakasema, Fransiska kaa usali, sisi tutavuna.

NESTORY: Wamevuna ulezi wako?

FRANSISKA: Wote. Hata mzee Teodori na mgongo wake ule. Na kila jioni rozari iko hapa nyumbani. Wanakuombea wewe kwanza, ndipo wagonjwa wao.

NESTORY: Mama, waambie waache.

FRANSISKA: Waache nini?

NESTORY: Kuniombea. Waambie nimeshatoka huko. Na wewe usiende tena kwenye hiyo televisheni, ule, unywe da—

FRANSISKA: Umetoka umekwenda wapi? Si wanasema ndege hazi— haloo? Unakatika.

(Sauti ya mtu kwa mbali: Laela, Sumbawanga! Bado wawili tunaondoka!)

FRANSISKA: Huyo ni nani?

NESTORY: Nani, mama?

FRANSISKA: Anayeita watu wa Laela, huku kwetu.

(Honi inalia upande wa Nestory.)

FRANSISKA: Nestory. Uarabuni kuna gari la Laela?

NESTORY: Mama...

FRANSISKA: Uko wapi?

NESTORY: Tunduma.

FRANSISKA: Tangu lini?

NESTORY: Tangu mliponiaga. Yule wakala alituacha Dar, akazima simu. Nikaona aibu kurudi. Mlishapika, watu wamecheza, padri kanibariki mbele ya kanisa zima. Nikasema nibebe mizigo hapa mpakani, nijipange, halafu—

FRANSISKA: Na zile picha za Uarabuni ulizotutumia?

NESTORY: Za watu. Nilizitoa mtandaoni.

(Simu inakwaruza.)

NESTORY: Mama, upo?

FRANSISKA: Nipo. Wako uani, wanasubiri tuanze rozari. Mzee Teodori huyo anakohoa. Nitamtazama kwa macho gani?

NESTORY: Nisamehe. Nakuja kesho, nitapiga magoti mbele yao, waniseme mpaka wachoke. Ilimradi ujue niko mzima.

FRANSISKA: Uko mzima. Ndiyo. Sasa Calvin yuko na nani?

NESTORY: Calvin?

FRANSISKA: Usiniulize hivyo. Calvin wa Monika, jirani hapa. Alikuuliza kama kazi zipo.

NESTORY: Nilimwambia zipo. Nikasema akija nitampokea. Nilidhani ni maneno tu, mama, hata pasipoti hakuwa nayo.

FRANSISKA: Alipofika huko Uarabuni hakukutafuta?

NESTORY: Alinitafuta.

FRANSISKA: Ukamjibu nini?

NESTORY: Nilizima simu. Nikabadilisha laini.

FRANSISKA: Yesu na Maria. Yeye alimwambia mama yake umempokea vizuri. Mnalala chumba kimoja, unampikia ugali.

NESTORY: Alisema hivyo?

FRANSISKA: Na yeye aliona aibu, kama wewe. Monika alikuwa hataki aende. Mimi ndiye niliyekwenda kumbembeleza. Nikamwambia, mwache mtoto aende, maadamu Nestory yupo kule, ni kaka yake. Kwa mdomo wangu huu.

NESTORY: Mama, mimi sikujua kutatokea vita.

FRANSISKA: Simu yake haipatikani tangu makombora yaanze. Monika hajalia hata mara moja. Mimi nikianguka, yeye ananiinua. Ananiambia, wapo wawili, mama Nestory, watashikana.

NESTORY: Mama, salio la mwenyewe linaisha, nitapiga—

FRANSISKA: Usikate. Huyu Monika anaingia.

NESTORY: Usimwambie leo, nakuomba. Nikija—

FRANSISKA: Simwambii mimi. Utamwambia wewe, na mimi nitasimama hapahapa anitazame. Mama Calvin, pita. Ni Nestory.

NESTORY: Mama—

MONIKA: Haloo? Nestory, mwanangu?

NESTORY: ...Shikamoo, mama.

MONIKA: Marahaba, baba, Mungu ni mwema. Najua salio la huko ni ghali, sikucheleweshi. Nipe Calvin nisikie sauti yake tu.