Mama Pélagie Sikuli, Aliyewaimbia Wafu wa Alunguli (1957–2024)

Mama Pélagie Sikuli alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha: kabla ya kumsema mtu, alifungua dirisha. Hata mvua ikinyesha, alinyanyuka kwanza, akasukuma ubao, ndipo akarudi kuketi na kusema. "Kama namusema muntu, afazali asikie," alituambia sisi watoto wake. Majirani wengi walio hapa leo walisikia habari zao wenyewe kwa njia hiyo, na baadhi yao walimjibu papo hapo kutoka uani kwao.

Alizaliwa katika kijiji cha Kama, teritwari ya Pangi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Gédéon Sikuli, mchimba dhahabu, na Mama Elisabeth, mkulima wa mpunga. Mama Elisabeth ndiye aliyeongoza nyimbo za kilio kijijini, na Pélagie alimfuata kwenye matanga tangu utoto, akimbebea mkeka. Huko alijifunza mambo mawili. Mwimbaji wa kilio hutaja kilichomwua marehemu, hata kama mwenye kosa ameketi pale pale. Na wimbo wa kilio hauimbwi pasipo maiti, kwa maana ukiimbwa bure hutafuta maiti wa kwake.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1963. Maasi ya mwaka uliofuata yaliwakimbiza msituni, na hakumaliza darasa la sita mpaka mwaka 1971. Baadaye alikuja hapa mjini Kindu kujifunza ushonaji, lakini alisema sindano ilimnyamazisha mno.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Papa Ulrich Kizito, fundi wa reli, mtu wa sauti ndogo. Siku Papa alipofika kumwomba jibu lake, Mama alifungua dirisha.

"Pélagie, funga basi, watu wanasikia."

"Uko unanioa ao uko unaniiba?"

Mtaa mzima ulicheka, na Papa alirudia ombi lake kwa sauti kubwa. Waliishi pamoja miaka ishirini na mitano, mpaka Papa alipofariki mwaka 2004.

Kazi yake ilikuwa kupika sabuni ya mawese hapa Alunguli na kuvuka mto Lualaba kwa mtumbwi kwenda kuiuza sokoni Kasuku. Lakini mtaa ulimjua kwa kazi nyingine. Palipotokea kifo, yeye ndiye aliyetumiwa mtu, aje aongoze kilio.

Wakati wa vita, mwaka 2002, mji ulipokuwa umezungukwa na chumvi haikuonekana tena sokoni, wenye silaha walimchukua kaka yetu Arsène. Alikuwa na miaka kumi na saba. Walimvutisha bangi ili asiogope, wakamtanguliza mbele, akarudishwa akiwa amefungwa ndani ya turubai. Mama aliimba juu ya mwanawe mwenyewe. Alitaja bangi, na alimtaja aliyeitia mkononi mwa mtoto. Mkubwa mmoja wa wale wenye silaha alikuwa amesimama mlangoni na bunduki yake. Papa alimvuta Mama nguo ili anyamaze, hakunyamaza. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaondoka. Tangu siku hiyo Mama alilichukia jani hilo kuliko mtu yeyote katika mji huu. Kijana aliyelivuta karibu na nyumba yetu alimwagiwa maji ya sabuni.

Ndiyo sababu yaliyompata mwaka 2021 ni magumu kusimulia. Jirani yetu Dieumerci, mwendesha pikipiki wa miaka kumi na tisa, alikamatwa akiwa na bangi mfukoni. Siku chache baadaye alitolewa kasho, mahabusu ya polisi, akiwa maiti, na familia ikaambiwa kwamba ni ugonjwa mfupi. Wanawake waliomwosha waliona mbavu zake. Mama Pélagie aliongoza kilio. Maneno ya wimbo huo siyaandiki, kwa kuwa karatasi hii itaingia katika nyumba zenu. Maana yake mnaijua: uliuliza tangu lini jani limepata mikono ya kuvunja mbavu.

Juma lililofuata alikamatwa. Alishtakiwa kwa sheria ya dawa za kulevya, kwamba amesifu bangi mbele ya vijana. Mpelelezi alimwamuru aimbe ule wimbo ili karani auandike.

"Maiti iko wapi?" Mama aliuliza.

"Maiti gani, mama?"

"Wimbo ya kilio inaombaka maiti. Nikiimba humu, itatafuta wake humu humu. Sasa, njo nani kati yenu?"

Karani aliweka kalamu chini. Aliitwa polisi Michel, aliyekuwapo matangani, ayaseme yeye maneno hayo. Akajibu, "Chef, unisamehe. Niko na watoto nyumbani." Wanawake wanne waliouitikia wimbo waliitwa baada yake, na wote wanne waliuliza maiti iko wapi. Hivyo shtaka lilibaki bila neno hata moja la wimbo, na Mama alibaki kasho kwa miezi saba.

Aliachiliwa Mei 2022 kwa sharti la kutofungua kinywa kwenye matanga yoyote. Yeye au mwitikiaji wake yeyote akilivunja, wote wangefungwa. Kwa ajili yao alitii. Alikaa kwenye mkeka, ametazama chini, huku wanawake wakimtazama yeye. Hawakuthubutu kuanza. Matanga ya Alunguli yakabaki na nyimbo za kanisani tu, na tangu hapo kila aliyekufa mtaani alikufa kwa ugonjwa mfupi.

Alikuwa ametoka na kikohozi. Hospitali ilikuta kifua kikuu kilichokwisha kula pafu moja. Alimeza dawa zake bila kukosa, akapata nafuu, kisha damu ikaanza. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, alfajiri. Jana mtu mwenye cheo alifika kutuomba tuandike ugonjwa mfupi. Hatukuandika. Mama yetu alikufa kwa kifua kikuu alichokipata kasho, alikofungiwa kwa sababu ya wimbo.

Ameacha watoto watatu: Françoise, anayesoma maneno haya, Amani na Daniella, wajukuu tisa, mdogo wake, Mama Mamy, na waitikiaji wake, ambao aliwahesabu kuwa ndugu. Tumeambiwa kwamba watatumwa watu kusikiliza mazishi haya. Wakaribishwe, wapewe viti. Udongo wa Alunguli umpokee kwa upole, na Mungu amlaze katika amani yake.

Nikimaliza kusoma, Mama Chérie, mmoja wa waitikiaji hao, ataanza kilio, na wenzake watamwitikia. Sharti lile bado halijafutwa, nao wanajua. Alhamisi jioni Chérie alikuja kumwuliza Mama kama kweli wathubutu kuimba. Mama alikuwa amegeukia ukuta, tukadhani hakusikia. Chérie alipokwisha kuondoka, alinishika mkono, akaniambia:

"Wakiuliza nani aliwapa ruhusa, useme njo miye."